Tashi ya mawese mu tapi ya salo: ukiosha inatoka, ikikauka inarudi

mama_himbi

Bandugu jambo. Naomba musaada kwa mwenye anajua mambo ya matapi juu mie nimechoka kabisa. Niko na tapi kubwa ya salo, rangi ya kijivu na maua ya krem, tuliinunua kule Birere, na batoto ba dada yangu balikuya kututembelea bakakulia pale chini mbele ya televizio, sahani ya sombe ikageuka. Na sombe ya kwetu munaijua vile inakuwaka, mawese inaelea juu. Tukatosha sombe na kijiko, tukaosha na Omo na maji ya moto, tukasugua na brosi. Ikiwa bado maji unaona imetoka yote, unafurahi. Asubui ikishakauka ile duara ya rangi ya machungwa iko pale pale, tena naona sawa imepanuka kuliko mwanzo, na ukipita na mguu wazi unasikia fasi ile imekuwa ngumu, nywele za tapi zimeshikamana. Tukarudilia kuosha, ikarudi.

Sasa mie swali yangu ni hii, ile mafuta inatokeaka wapi tena? Kama imetoka imetoka, inarudiaje?

Ya pili, kuko kona moja karibu na mulango fasi mutoto mudogo alizoea kukojoa, ile siku ya mvua salo yote inanuka. Na mwisho wa mwezi famili ya bwana-mukwe banakuya kwa ajili ya dote ya binti yetu, siwezi kubakalisha juu ya ile tapi na siwezi kuitosha juu salo itabaki simenti tupu.

Jirani moja ananiambia mwanga javel, ile maji ya kupausha nguo, mwengine ananiambia esansi ya motokari. Naogopa kuharibu. Tafazali munipe bintu bya kupatikana hapa Goma, hapana zile dawa za mu video zenye hatujawai kuziona mu alimentasio yoyote.

ndosho_boy

Mama weka javel tu, javel inatoshaka kila kitu, kwetu banaweka javel mu bido ya maji banamwanga banaacha jua inapiga. Usiogope

dada_wa_ibanda

Ndosho boy mudogo wangu, hapana!! Mama Himbi usiweke javel, nakuomba sana, na zaidi usiiweke kwenye ile kona ya mikojo.

Mie natumika ku famasi hapa Bukavu na kila mara batu banakuya kununua javel na mu mukono ule mwengine banashika vinegri ao dawa ya kuosha choo, banataka kuchanganya juu banasema ikiwa mbili nguvu inazidi. Ikiwa mbili inatosha gazi ya klori. Ile gazi inachoma macho na koo na mapafu, na mutu mwenye asima inaweza kumufikisha ku opitali. Na mikojo ya zamani iko na amoniaki ndani, ukimwanga javel juu yake inatosha gazi ingine ya sumu, inakohoza vibaya. Mu salo yenye madirisha imefungwa na batoto banalala chumba ya pembeni, unaona hatari yake. Kwa hiyo iandike ku ukuta kama inaomba: javel inakaa peke yake, na maji tu, haichanganywi na vinegri, haichanganywi na dawa ya choo, haimwangwi juu ya mikojo.

Tena kwa mafuta javel haisaidie. Inakula rangi. Utapata tapi ya kijivu yenye iko na fasi nyeupe ao ya manjano, na mafuta bado iko pale ndani. Na kama tapi ni ya manyoya ya kondoo, javel inayeyusha uzi wenyewe, ata rangi yake hautaona.

Esansi pia uache. Mvuke ya esansi inashika moto mbali na fasi uliimwanga, na kwetu sote kuko mbabula ao buji inawaka fasi fulani mu nyumba. Na inayeyusha ile gundi ya nyuma ya tapi.

Kwa kuosha yenyewe ngoja benye kazi ya matapi bakuambie, mie hapo sijiingize sana.

fundi_tapi_katindo

Mama Himbi jambo, dada wa Ibanda aksanti, umesema kweli yote. Mie na ndugu yangu tunaoshaka matapi hapa Katindo, donki nitajibu kwa urefu kidogo muvumilie.

Swali yako ya kwanza njo ya maana na batu kidogo sana banaiulizaka. Mafuta haikutoka, ilishuka. Maji ya moto iliilegeza, brosi ikaisukuma chini, kule kwenye mizizi ya nyuzi, karibu na ile nguo ngumu ya nyuma. Wewe unaangalia juu unaona safi. Usiku tapi inakauka, na inaanza kukaukia wapi? Ku ncha za nyuzi, juu kule ndiko upepo inapita. Ncha ikikauka inavuta maji ya chini, na ile maji inapanda na mafuta na Omo yenye ilibakia, sawa utambi ya taa vile inavuta petroli. Maji inaenda mu hewa, mafuta na sabuni inabaki ku ncha. Asubui unakuta duara. Na imepanuka juu ulimwanga maji mingi, maji ikatembeza mafuta pembeni. Ule ugumu unausikia na mguu, ile ni sabuni yenye haikutoka. Hiyo sabuni ukiiacha itakamata vumbi, na vumbi yetu ya Goma ni nyeusi, kisha wiki kazaa fasi ile itakuwa nyeusi na utasema kuko mutu amemwanga kitu kingine.

Sasa mbele ya kufanya chochote inapashwa kujua tapi yako ni ya nini. Kata nyuzi mbili tatu upande wa chini kabisa, ku kona fasi haionekane. Weka maji mu glasi, tia tone moja ya sabuni ya maji, kisha zamisha zile nyuzi na kidole na uachilie. Ikipanda kuelea juu, hiyo ni polipropileni, plastiki, matapi mingi ya bei ya kawaida yenye inaingia hapa ni hiyo. Ikizama ni nailoni, poliesta, pamba ao manyoya. Kama imezama, chukua uzi moja na pensi, inje ya nyumba, uiguse na moto: ikinuka nywele zenye zimeungua na majivu yake inasagika mu kidole, ni manyoya, na hapo kila kitu inabadilika, maji ya moto hapana, Omo hapana juu mu Omo na sabuni zingine za unga munakuwaka anzime za kukula bintu kama damu na maziwa, na manyoya ni ya namna ile ile, itaikula pia.

Mie nawaza yako ni polipropileni. Iko na uzuri na ubaya. Uzuri wake haikunywe maji, chai ao Fanta ikimwangika inabaki inje ya uzi, unafinya na kitambaa inaisha. Ubaya wake inapenda mafuta. Mafuta na plastiki ile ni ndugu, zinashikana. Ndiyo maana batu banasema tapi za kisasa zinaoshika bwepesi, kiisha mutu anamwanga mawese anashangaa.

Mawese tena iko na mambo mbili, mafuta na rangi. Ile rangi nyekundu ni ile ile ya mu karoti, inakaa ndani ya mafuta, maji peke yake haiwezi kuigusa. Na mawese inaganda, hapa kwetu na baridi ya usiku unaiona ata mu shupa inakuwa nzito, inaanza kuyeyuka vizuri kwenye digri 35 hivi. Donki maji ya baridi itakutesa bure. Lakini maji ya kuchemuka pia hapana, inaifukuza chini. Inaomba maji yenye unaweka mukono unaivumilia bila shida, ile ya kuogesha mutoto.

Namna ya kufanya:

Siku ya kwanza usiguse maji. Peleka tapi inje, uigeuze, nyuso ichungulie chini, uipige na fimbo upande wa nyuma mpaka vumbi iishe. Hii batu ba Goma banairukaka na ni ya lazima kwetu kuliko miji mingine. Vumbi yetu ni mawe ya volkano yenye ilisagika, iko na ncha kali, ukiisugua na brosi ikiwa ndani ya tapi inakata nyuzi. Na ukiilowesha mbele ya kuitosha unapata matope nyeusi mu mizizi na hiyo hautaitosha tena.

Kisha rudisha tapi mu nyumba, mwanga bikarbonati ao maizena ao poudre ya batoto juu ya tashi, nyingi, mpaka isionekane. Uikandamize na kidole iingie. Iache ilale usiku mzima. Kwa tashi ya siku ile ile hii peke yake inatosha nusu ya mafuta. Kwa yako ya zamani itavuta kidogo lakini usiiruke. Asubui kwangua na kijiko, pangusa na brosi kavu.

Ndiyo sasa maji. Nusu lita ya maji vuguvugu, kijiko kidogo MOJA ya sabuni ya maji ya kuosha vyombo. Moja. Najua mukono yako itataka kuongeza, izuie. Sabuni nyingi njo ilikuletea ule ugumu. Kamata kitambaa nyeupe, nyeupe kweli, juu kitambaa ya rangi nyekundu ao ya buluu, rangi yake inaweza kuhamia ku tapi, na pia ku nyeupe unaona kile kinatoka. Ukilowesha ukamue, isimwange. Weka juu ya tashi, anzia pembeni uende katikati, finya na mukono, uinue, geuza kitambaa fasi safi, finya tena. Hapana kusugua! Kila ukiinua utaona machungwa mu kitambaa. Ukiona machungwa unajua kazi inaenda. Endelea mpaka kitambaa inatoka bila rangi, na hii inaomba subira, weka kiti kidogo ukae.

Kiisha safisha sabuni. Maji safi vuguvugu, mara ya kwanza utie vinegri nyeupe kidogo, kipimo moja ya vinegri kwa ine ya maji, mara ya mwisho maji tupu. Namna ile ile, kitambaa na kufinya.

Sasa kukausha, na hapa ndiyo wote banapotelea. Usiiache ikauke peke yake. Kunja serviete kavu mara mbili, uiweke juu ya fasi, simama juu yake na miguu mbili, uzito wako wote. Badilisha serviete, simama tena. Mwisho weka kitambaa kavu nzito, juu yake weka kitu cha uzito, bido ya maji ya lita 20 iko muzuri sana kwa hii, na ulale. Ile mafuta yenye ilibakia chini ikipanda usiku haitapata ncha za nyuzi, itaingia mu kitambaa. Asubui uiangalie kile kitambaa, utaelewa yote yenye nimeandika hapa.

Kama kisha hayo kuko kivuli cha machungwa bado kinabaki, ni rangi tupu bila mafuta. Anika tapi nyuso ku jua. Jua inakulaka ile rangi ya mawese, mama zetu banaijua ku nguo nyeupe. Kwa manyoya ao tapi ya rangi kali hapana kuacha siku nzima, yako ya kijivu itavumilia.

ndosho_boy

Aksanti ya mukubwa nimejifunza, nyumbani nitabaambia juu ya javel. Swali, kuko haja ya kusimama juu kweli ao mukono inatosha?

fundi_tapi_katindo

Mukono haifike chini mudogo wangu. Maji iko ku mizizi, inaomba uzito.

mama_himbi

Papa fundi Mungu akubariki, sijaona mutu ananieleza namna hii. Nimefanya ile ya glasi, nyuzi zimepanda juu zote, nimezizamisha na kidole zinarudi juu, kumbe ni plastiki kweli na aliyetuuzia alituapia ni manyoya.

Maulizo mbili. Maji, kwetu robine haina maji siku mingi, tunatumia ya ziwa yenye banatuletea na mabido, itafaa? Na ile kona ya mikojo haukuniambia.

fundi_tapi_katindo

Maji ya ziwa kwa kuosha inafaa, kwa kumalizia napenda ya mvua. Maji ya Kivu iko na madini mingi, utaona ata sabuni ya kipande haitoe povu vizuri nayo, inaacha sawa unga nyeupe yenye inanata, hiyo ikikaukia mu tapi inafanya nyuzi kuwa ngumu na kukosa mwangaza. Sabuni ya maji haiteseke sana na hayo madini, lakini maji ya mwisho kabisa, ile ya kutosha sabuni, kama muko na tanki ya mvua ku paa chota kule. Ao ile ya ziwa utie vinegri kidogo.

Mikojo. Kama ni mpya: serviete kavu, usimame, kisha maji ya BARIDI na kufinya, basi, inaisha. Yako ni ya zamani, imekauka imeacha chumvi yake chini, na ile chumvi inavuta unyevu, njo maana siku ya mvua inanuka na siku ya jua inanyamaza. Changanya vinegri nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kona ile, hapa kidogo inapashwa iingie kweli kufika fasi mikojo ilifika, lakini isiogelee juu gundi ya nyuma itaachia. Ngoja karibu saa nzima. Finya na serviete. Kisha maji safi, finya. Ikiwa bado na unyevu kidogo mwanga bikarbonati nyingi juu, iache mpaka ikauke kabisa yenyewe, ata siku mbili, kisha upanguse. Na inua tapi uangalie simenti chini yake, mara mingi mikojo ilipita ikaingia mu simenti, utaosha tapi miezi yote na harufu inatokea chini. Osha simenti pia na uiache ikauke vizuri mbele ya kurudisha tapi.

dada_wa_ibanda

Naongeza tu kitu moja juu batu baniulizaka ku famasi: damu. Maji ya baridi pekee, moto inaipika damu ndani ya uzi. Ikibaki alama, maji ya oksijene, ile ya 10 volime ya kuosha kidonda, tone kidogo, inatoa povu, unafinya. Mbele yake jaribu ku kona yenye haionekane juu inaweza kupausha rangi. Na iweke mbali na manyoya.

lushois_wa_kenya

Ba yaya ba Kivu bonjour, mie niko Lubumbashi (L'shi), komini ya Kenya, nimesoma yote mpaka mwisho, huyu papa fundi anajua kazi yake. Kwetu huku mawese si shida kubwa, shida ni udongo mwekundu. Mvua inaanza mu Novemba paka Aprili batoto banaingia na bilatu mu salo, tapi inageuka rangi ya tofali. Mama banakimbiaka na serpiyeri ya maji mara moja, na ile njo inaharibu kabisa. Matope ikiwa maji uiache! Unafukuza batoto inje, unangoja ikauke, unavunja na mukono, unapiga, unapitisha brosi kavu, inabaki kidogo sana njo unaweka maji ya sabuni. Rangi ile nyekundu ni kutu ya chuma mu udongo, javel haiiweze, tena inaikomaza.

Na kama ni kutu yenyewe, ile ya mguu wa kiti ya chuma ao ya mufuniko wa shupa yenye ilikaa juu ya tapi, hapo ndimu. Maji ya ndimu na chumvi kidogo juu ya kutu, uiache kidogo, finya, rudilia, kisha uisafishe vizuri na maji juu ndimu ikikaukia pale na jua inapausha. Nilitosha nayo kutu ku tapi ya krem ya mama yangu, fasi ya mguu wa meza, hauwezi kuonyesha tena ilikuwa wapi.

Papa fundi nakuuliza, wino ya bic inatoka na nini? Mutoto ameandika alfabeti yote mu moketi.

fundi_tapi_katindo

Alkoli ya famasi, ya digri 70 ao 90. Usimwange juu ya moketi, lowesha pamba ao kitambaa, finya kila herufi peke yake, na kila mara fasi mpya ya kitambaa, sinon unapaka wino ku fasi ilikuwa safi. Madirisha wazi na hakuna moto karibu. Moketi yenye imegundishwa chini usizidishe alkoli, itafika ku gundi.

mama_himbi

Nimerudi kuwaambia. Nilifanya yote ya papa fundi, na ile kitambaa ya kulaza na bido juu, asubui nimeiinua ilikuwa na duara ya machungwa kamili, kama mutu aliichora, na ku tapi hakuna kitu! Nyuzi zinasimama, mguu hausikie tena ugumu. Kubakia kulikuwa kivuli kidogo sana fasi ya katikati, nimeanika ku ukuta jua ikapiga, leo bwana yangu ameingia akaniuliza kama nimegeuza tapi upande mwengine.

Kona ya mulango niliinua tapi na ni kweli, simenti ilikuwa na alama nyeusi na harufu ilikuwa kule chini zaidi. Nimeosha simenti na vinegri, nangoja mvua inyeshe nisikie.

Dada wa Ibanda aksanti pia, ile bido ya javel ilikuwa tayari mu korido.

mama_wa_majengo

Na mie nafuata hapa hapa, naomba papa fundi asichoke. Kura inakatika kwetu kila jioni, tunawasha buji, na buji imemwangika mu tapi, yenye rangi nyekundu. Nimesikia banapitisha pasi juu ya karatasi. Tapi yangu nyuzi zinaelea kama za mama Himbi.

fundi_tapi_katindo

Mama wa Majengo, kama zinaelea pasi ya moto hapana. Ile plastiki inayeyuka karibu digri 160 na pasi yenye imewekwa ku pamba inapita hapo, utapata fasi inangara na ngumu, na hiyo hakuna fundi wa kuitengeneza.

Anza na baridi. Tafuta barafu, benye kuuza jus ao samaki banakuwaka nayo, uiweke mu sashe ya plastiki isimwange maji, uikalishe juu ya buji mpaka ikomae kabisa. Vunja na mugongo ya kijiko, itapasuka vipande, okota kila kipande na mukono, brosi kavu. Barafu tena, vunja tena. Hivi unatosha karibu yote.

Yenye imebaki ku mizizi, hapo sasa pasi lakini ku kipimo cha chini kabisa, ile ya nailoni, bila mvuke, na katikati uweke kitambaa ya pamba ya zamani yenye imekunjwa. Gusa, hesabu mpaka tano, inua, angalia kitambaa, itakuwa imekunywa buji. Geuza fasi kavu, gusa tena. Karatasi ya gazeti usitumie, wino wake unahamia. Kwa manyoya ni namna ile ile, lakini kitambaa iwe na unyevu kidogo.

Rangi nyekundu ya buji ikibakia, alkoli na pamba, sawa nimemuambia ndugu wa L'shi, kisha sabuni kidogo na maji vuguvugu, na usisahau serviete na bido juu usiku.